Mgeni Kwenye Kizingiti: Uhakiki wa Skrini ya Ukaribisho katika Programu za Kompyuta ya Mezani

Ikisiri

Makala haya yanahakiki skrini ya ukaribisho, yaani picha inayojitokeza katikati ya kioo cha kompyuta mara programu inapofunguliwa na kutoweka programu inapokuwa tayari kutumika. Swali linaloongoza uhakiki ni iwapo programu za kompyuta ya mezani zinapaswa kuendelea kuonyesha skrini hiyo. Uchambuzi umejikita katika mawazo ya Gérard Genette kuhusu vizingiti vya matini, pamoja na viwango vya muda wa mwitiko vilivyofafanuliwa na Jakob Nielsen. Mifano imetolewa katika Photoshop, GIMP, Blender, Adobe Reader na zana za Visual Basic. Makala yanadai kuwa mjadala umekwama kwa sababu watetezi na wapinzani wote huichukulia skrini hiyo kuwa kitu kimoja, ilhali inabeba kazi tatu zinazotofautiana: kuitikia, kuarifu na kutambulisha. Kila kazi inastahili hukumu yake. Hitimisho ni kwamba skrini ya ukaribisho inakubalika pale tu inapotoa taarifa ya kweli kuhusu kungoja kusikoepukika, na kwamba majina ya watunzi yanastahili kuonekana bila kulipiwa kwa muda wa mtumiaji.

1.0 Utangulizi

Katika nyumba za mawe za Lamu na miji mingine ya kale ya pwani, mgeni hakuingia ndani moja kwa moja. Alipiga hodi, akaitikiwa, na mara nyingi akaketi kwanza katika daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe. Daka lilikuwa na maana yake: lilimpa mgeni pa kuketi na kuwapa wenyeji nafasi ya kujiandaa. Lakini adabu hiyo ilikuwa na masharti. Mgeni aliyeachwa darakani bila neno, au aliyezuiwa hapo ilhali wenyeji walikuwa tayari, alikuwa na haki ya kujiona amedharauliwa.

Programu nyingi za kompyuta ya mezani nazo zina daka lao. Mtumiaji anapobofya alama ya programu, hukutana kwanza na picha yenye jina la programu, namba ya toleo, nembo ya kampuni, pengine na majina ya waliohusika. Mtumiaji hana la kufanya juu ya picha hiyo ila kuitazama. Wapo wanaoiona kuwa ni tangazo la biashara lililojipachika mahali pasipostahili, na wapo wanaoiona kuwa ni heshima kwa anayengoja. Makala haya hayakusudii kuchagua upande mmoja kati ya hizo mbili. Yanakusudia kuonyesha kuwa swali lenyewe limeulizwa kwa namna inayoficha kiini chake, kisha kulijibu upya.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unatumia misingi miwili. Msingi wa kwanza ni wa kifasihi. Katika kitabu chake *Seuils*, yaani vizingiti, kilichochapishwa Ufaransa mwaka 1987, Gérard Genette aliyaelezea maandishi yanayokizunguka kitabu, kama vile jalada, jina la mwandishi, tabaruku na dibaji. Kwa mujibu wa Genette, maandishi hayo ndiyo mahali ambapo msomaji huvuka kutoka nje kuingia katika matini, na humwelekeza namna ya kuipokea. Mawazo haya yanatuwezesha kuisoma skrini ya ukaribisho kama matini yenye mtunzi, hadhira na dhamira. Hata hivyo, kuna tofauti moja ambayo uhakiki huu unaizingatia kwa uzito: msomaji wa kitabu anaweza kuiruka dibaji, ilhali mtumiaji wa programu kwa kawaida hawezi kuiruka skrini ya ukaribisho. Kizingiti cha kitabu hakina mlango. Hiki kinao, na ufunguo wake haumo mikononi mwa anayeingia.

Msingi wa pili ni wa muda. Jakob Nielsen, katika kazi yake ya mwaka 1993 iliyojengwa juu ya utafiti wa Robert Miller wa mwaka 1968, alibainisha mipaka mitatu. Mwitiko unaokuja ndani ya sekunde 0.1 huonekana kuwa wa papo hapo. Ndani ya sekunde 1, mtumiaji hutambua kuchelewa lakini fikra zake hazikatiki. Kufikia sekunde 10, umakini wake huwa umefika kikomo, naye huhitaji kujua kazi itakwisha lini. Pamoja na mipaka hiyo, uhakiki unazingatia hoja ya David Maister ya mwaka 1985 kuhusu foleni, kwamba kungoja kusikojulikana mwisho wake huhisiwa kuwa kurefu kuliko kungoja kunakojulikana. Wahenga wa Kiswahili walisema subira yavuta heri, na wakasema pia kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hizi mbili hazipingani iwapo tutazisoma kwa jicho la Maister: anayejua anachongojea husubiri, na asiyejua huumia.

3.0 Chimbuko la Kungoja

Skrini ya ukaribisho haikuzuka kwa sababu ya majivuno pekee. Ilikuwa na sababu ya kiufundi. Kwa miaka mingi programu zilihifadhiwa katika diski zinazozunguka. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hukamilisha mzunguko mmoja kwa takribani milisekunde 8.3, hivyo kusubiri data ipite chini ya kichwa cha kusomea huchukua wastani wa milisekunde 4.2, kabla ya kuongeza muda wa kukisogeza kichwa hicho. Tukichukua jumla ya milisekunde 10 kwa kila usomaji, programu inayofungua faili ndogo 1,000 zilizotawanyika katika diski hutumia sekunde 10 kwa mwendo wa diski peke yake. Huo ndio mpaka wa mwisho wa Nielsen. Katika mazingira hayo, programu iliyokaa kimya ilimfanya mtumiaji adhani kuwa hakubofya sawasawa, naye akabofya tena, na kompyuta ikalemewa na programu ile ile iliyofunguliwa mara mbili.

Hali hiyo ilikuwa mbaya zaidi kwa programu zilizohitaji mazingira ya ziada ya kuendeshea. Mfano bora ni Java. Toleo la 6, lililotoka mwaka 2006, liliweka uwezo wa kuonyesha picha kabla hata mashine pepe ya Java haijaanza kufanya kazi. Kabla ya hapo, mtunzi wa programu aliyetaka kuonyesha skrini ya ukaribisho kwa kutumia Java yenyewe alilazimika kungoja mashine pepe iamke kwanza. Mabadiliko hayo yanathibitisha kuwa kazi ya awali ya skrini hii ilikuwa kuitikia hodi mapema kadiri iwezekanavyo.

Mazingira yamebadilika. Diski zisizozunguka husoma data bila kungoja mzunguko wowote, na muda wa kufikia data umeshuka kutoka milisekunde hadi sehemu ndogo ya milisekunde moja. Hoja iliyojengwa juu ya udhaifu wa diski haiwezi kusimama palepale diski inapobadilika. Ndiyo sababu ni lazima tutenganishe kazi za skrini ya ukaribisho na kuuliza ni ipi bado ina mashiko.

4.0 Uchambuzi

4.1 Kuitikia

Kazi ya kwanza ni kumwambia mtumiaji kwamba hodi yake imesikika. Kazi hii ni halali, lakini leo ina mtu mwingine wa kuifanya. Mfumo wa Windows hubadilisha kishale kuonyesha kuwa programu inaanza. Katika kompyuta za Apple, alama ya programu hurukaruka katika upau wa chini. Mifumo ya Linux nayo ina utaratibu wa pamoja wa kuarifu kuwa programu imeanza kufunguliwa. Mwitiko huu una ubora mara mbili: huja mapema, kwa kuwa hautegemei programu yenyewe kuwa imeshaamka, na hauzibi kazi nyingine iliyo mbele ya mtumiaji.

Skrini ya ukaribisho, kinyume chake, mara nyingi hujiweka juu ya madirisha mengine yote. Mtumiaji aliyefungua programu nzito kisha akarejea kwenye barua aliyokuwa akiiandika hujikuta picha imekaa katikati ya sentensi yake. Kibaya zaidi ni pale programu inapohitaji jibu, mathalani kuuliza iwapo faili lililopotea lirejeshwe, na swali hilo likafichwa nyuma ya picha. Hapo programu inamngoja mtumiaji, mtumiaji anaingoja programu, na kila mmoja anamdhania mwenzake kuwa ndiye anayechelewesha. Kwa kazi ya kuitikia, basi, hukumu ni kwamba skrini ya ukaribisho imepitwa na wakati.

4.2 Kuarifu

Kazi ya pili ni kueleza kinachoendelea. Hapa ndipo skrini ya ukaribisho inapopata utetezi wake wenye nguvu. GIMP, programu huria ya kuhariri picha, huonyesha chini ya picha yake jina la hatua inayotekelezwa, kama vile kutafuta faili za data au kupakia fonti. Kwa mtumiaji mwenye fonti nyingi, maneno hayo yalikuwa na faida: yalimwonyesha mahali hasa programu ilipokwama. Katika mfululizo wa toleo la 2.10, ulioanza mwaka 2018, upakiaji wa fonti ulihamishiwa nyuma ya pazia ili usizuie programu kufunguka. Mfano huu unafundisha mambo mawili. Kwanza, maelezo ya kweli hulitaja tatizo kwa jina lake. Pili, tatizo likishatajwa, dawa iliyo bora ni kuliondoa, wala si kulipamba.

Adobe Reader inatoa mfano unaofanana na huo. Toleo la 6, la mwaka 2003, lilijulikana kwa kuchelewa kufunguka, na skrini yake ya ukaribisho ilitaja programu-jalizi moja baada ya nyingine kadiri zilivyopakiwa. Watumiaji waliyasoma majina hayo, wakatambua kuwa nyingi kati ya programu-jalizi hizo hawazihitaji, wakaanza kuzihamisha kutoka katika folda yake ili programu ifunguke upesi. Skrini iliyokusudiwa kumtuliza anayengoja ikageuka ushahidi mikononi mwake. Kwa mtazamo wa uhakiki huu, hilo ni jambo la kusifiwa: matini ya kizingiti iliyosema kweli ilimpa msomaji wake uwezo ambao mtunzi hakuukusudia.

Kinyume cha skrini hizo ni ile yenye mstari unaojaa bila kuhusiana na kazi yoyote, au yenye duara linalozunguka milele. Brad Myers alionyesha mwaka 1985 kwamba watumiaji hupendelea kiashirio kinachoonyesha asilimia ya kazi iliyokamilika. Lakini upendeleo huo unategemea imani. Mstari unaokimbia hadi asilimia 99 kisha ukaganda humfunza mtumiaji kutoamini mistari yote itakayofuata. Taarifa ya uongo ni mbaya kuliko ukimya, kwa sababu ukimya haukuahidi kitu.

Suala la kuarifu lina upande wa lugha na wa ufikivu pia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye kiolesura cha Kiswahili. Kazi ya namna hiyo hutegemea orodha za maneno yaliyotengwa na msimbo ili wafasiri wayafikie. Maneno yaliyochorwa ndani ya picha hayamo katika orodha hizo. Kuyabadilisha ni kuchora upya. Vivyo hivyo, programu ya kumsomea skrini asiyeona haiwezi kuyatamka maneno yaliyogeuzwa kuwa rangi. Kizingiti kinachozungumza kwa picha peke yake huwakaribisha wengine na kuwaacha wengine nje.

4.3 Kutambulisha

Kazi ya tatu ni kutaja jina la mwenye nyumba. Wapinzani wa skrini ya ukaribisho huipuuza kazi hii kwa kuiita matangazo, na hapo uhakiki huu unatofautiana nao. Toleo la kwanza la Photoshop, la mwaka 1990, lilitaja katika skrini yake majina machache ya watu, wakiwemo ndugu wawili Thomas na John Knoll walioianzisha programu hiyo. Matoleo yaliyofuata yalirefusha orodha hiyo hadi makumi ya majina. Mmoja wa waliotajwa, mhandisi Seetharaman Narayanan, alijulikana kwa watumiaji wa nchi nyingi, hata wakamwundia kundi la mashabiki, kwa sababu tu walilisoma jina lake kila walipofungua programu.

Jambo hili si dogo. Programu ya kompyuta ni kazi ya watu, lakini huuzwa kwa jina la kampuni. Filamu huwataja wapiga picha wake, na kitabu humtaja mhariri. Skrini ya ukaribisho imekuwa mojawapo ya sehemu chache ambapo mhandisi wa programu alionekana na mtumiaji wake. Anayetaka iondolewe bila kuuliza majina hayo yataenda wapi anaomba pia, pasipo kukusudia, kwamba watunzi wafutwe.

Hata hivyo, kukubali kwamba majina yanastahili kuonekana hakumaanishi kukubali kwamba yanastahili kuonekana mwanzoni, wala kwa muda wa lazima. Mapokeo ya utenzi wa Kiswahili yanatoa mfano wa kufikiria. *Utendi wa Mwana Kupona* hutaja idadi ya beti zake na mwaka wa Hijria wa kutungwa kwake katika beti za mwisho. Taarifa za utunzi zina kiti chake, na kiti hicho hakimzuii msikilizaji kuupata ujumbe.

Blender, programu huria ya kuunda picha za pande tatu, imelipata suluhisho jingine. Skrini yake ya ukaribisho hutokea wakati dirisha kuu limekwisha kufunguka nyuma yake. Ndani yake mna mchoro wa msanii aliyetajwa jina, kama ule wa Alex Treviño uliopamba toleo la 2.81, lakini pia mna orodha ya faili za karibuni na aina za kazi mpya za kuanzisha. Mbofyo mmoja nje yake huiondoa, na mtumiaji asiyeitaka anaweza kuizima katika mapendeleo. Skrini hii haidai kufupisha kungoja kwa sababu hakuna kungoja kunakofupishwa. Ni dibaji kwa maana kamili ya Genette: inaelekeza, inatambulisha, na inaweza kurukwa.

4.4 Muda wa Kulazimishwa

Kipimo kinachotenganisha ukaribisho na uzuiaji ni kimoja: je, skrini huondoka mara programu inapokuwa tayari? Katika zana za Visual Basic za jukwaa la .NET, kuna kigezo kinachopanga muda wa chini ambao skrini ya ukaribisho lazima ionekane. Thamani yake ya awali ni milisekunde 2,000. Hii ina maana kwamba programu ndogo ambayo ingefunguka kwa nusu sekunde humweka mtumiaji kizingitini kwa sekunde 2 kamili, isipokuwa mtunzi wake akumbuke kubadilisha kigezo hicho. Mwitiko uliokuwa chini ya mpaka wa pili wa Nielsen unavushwa mpaka huo kwa makusudi.

Hapa ndipo hoja ya kwamba skrini ya ukaribisho hupunguza uchungu wa kungoja inapogeuka dhidi ya wanaoitoa. Kinachopunguza uchungu hakiwezi kuwa ndicho kinachouzalisha. Mtumiaji anayefungua programu ya namna hiyo mara 10 kwa siku hupoteza sekunde 15 za ziada. Kwa mtu mmoja ni kidogo; lakini hazikuwa mali ya mtunzi wa programu, na hakuna aliyemwomba mtumiaji ridhaa.

5.0 Hoja za Utetezi

Inaweza kudaiwa kwamba muda wa chini ni wa lazima ili picha isitokee na kutoweka kwa kupepesa, jambo linalomshtua mtumiaji. Hoja hii ni ya kweli kiasi, lakini dawa yake ni kuchelewesha kuonyesha, wala si kuchelewesha kuondoa. Programu ikingoja sekunde 1 kabla ya kutoa picha, kompyuta iliyo nyepesi haitaionyesha kabisa, na iliyo nzito itaionyesha kwa haki. Zitabaki programu chache zinazokamilika mara tu baada ya sekunde hiyo kupita, na kwa hizo picha itapepesa. Kasoro hiyo ni ndogo kuliko kumtoza kila mtumiaji sekunde 2.

Inaweza pia kudaiwa kwamba si kila mtumiaji ana kompyuta mpya. Katika ofisi, shule na maduka mengi ya huduma za uchapaji Afrika Mashariki, kompyuta zilizotumika kwingine kabla ya kuletwa huku bado zinafanya kazi, na nyingi zina diski zinazozunguka. Dai hili ni zito, na linatosha kuonyesha kuwa kuifuta skrini ya ukaribisho kila mahali ni uamuzi wa mtu anayeitazama kompyuta yake tu. Lakini tukilifuata dai hilo hadi mwisho, linatetea kazi ya kuarifu peke yake. Mwenye kompyuta nzito anahitaji kujua kazi imefika wapi, pamoja na njia ya kuahirisha au kughairi, kama programu za Microsoft Office zinavyoruhusu skrini zake za kuanzia zipunguzwe au zifungwe. Hahitaji picha kubwa ambayo kompyuta yake hiyo hiyo italazimika kuipakia kabla ya kazi yenyewe.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kuwa swali la iwapo programu zionyeshe skrini ya ukaribisho halina jibu moja kwa sababu lina kazi tatu ndani yake. Kazi ya kuitikia imechukuliwa na mfumo endeshi, na programu haina sababu ya kuirudia. Kazi ya kuarifu ingali na umuhimu, hasa kwa kompyuta nzito, mradi taarifa iwe ya kweli. Kazi ya kutambulisha inastahili kulindwa, lakini si kwa gharama ya anayengoja.

Kwa msingi huo, makala yanapendekeza yafuatayo kwa watunzi na wafasiri wa programu:

(i) Skrini ya ukaribisho itokee tu pale upakiaji unapozidi sekunde 1, na iondoke papo hapo programu inapokuwa tayari.

(ii) Itaje hatua halisi inayoendelea, na kazi inayoweza kuzidi sekunde 10 ionyeshe sehemu iliyokamilika.

(iii) Isikae juu ya madirisha mengine, na imruhusu mtumiaji kuipunguza, kughairi au kuizima daima.

(iv) Maneno yake yawe matini inayoweza kufasiriwa na kusomwa kwa sauti, yasichorwe ndani ya picha.

(v) Majina ya watunzi yawekwe mahali panapofikika baada ya programu kufunguka, iwe katika dirisha la maelezo au katika ukurasa wa mwanzo unaoweza kurukwa.

Utafiti zaidi unaweza kuchunguza namna watumiaji wa Kiswahili wanavyozisoma taarifa za upakiaji zilizofasiriwa, na iwapo istilahi zinazotumika humo zinaeleweka kwa mtu anayeziona kwa nukta chache tu kabla hazijatoweka.